Mkwe Wangu na Wageni wa Mvua

Jumapili, 15 Juni

Mvua. Mvua tangu juzi, haipumui. Nguo hazikauki, chumvi imekuwa uji, na mkwe wangu ameleta nyoka nyumbani.

Narudia ili niamini mwenyewe: mkwe wangu ameleta nyoka nyumbani kwangu!

Mwanangu Chinmay alipomuoa Ketaki mwezi wa pili, niliambiwa binti anachora ramani ofisini, na siku za mapumziko anajitolea mambo ya mazingira. Nikadhani anapanda miti. Nikalitangazia jengo zima: mkwe wangu anapanda miti! Kumbe ni rafiki wa nyoka. Ndivyo wanavyojiita, wale wanaoitwa swila akiingia chooni kwa mtu. Kiangazi chote simu yake ilikuwa imelala. Sasa mvua imeanza, mashimo yamejaa maji, nyoka wote wa mji wa Pune wamehama kwa pamoja, na simu hailali wala mwenyewe halali.

Leo kaja amelowa chapachapa, mkononi mfuko wa kitambaa umepigwa fundo. Mama, anasema, barabara ya kilimani, tunakowaachia, imefungwa na maji, namweka roshani kidogo tu, kwenye ndoo yenye kifuniko, hana sumu huyu, kazi yake kula panya. Mfuko ukageuka ubavu. Wenyewe!

Nilipanda kitandani, miguu juu, nikakaa hapo mpaka maji yalipopungua wakaenda zao, yeye na mfuko wake. Naogopa hata mjusi, mimi. Na jina lenyewe sasa — Ketaki! Ua ambalo bibi yangu alisema nyoka hulala ndani yake kwa kupenda harufu. Nilipaswa kushtuka siku ile ile ya posa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimecheka hadi mbavu zinauma. Nalini hajanisamehe.

Jioni sisi hatumtaji nyoka kwa jina. Ukimtaja taa zikishawashwa, umemwita. Watu husema "yule mrefu" na kila mtu anaelewa. Nalijua hilo tangu naanza kutembea. Lakini fundi umeme wa jengo letu naye ni Mrefu, jina alilopewa kwa sababu anainama kila mlango, na feni yangu imekufa tangu Jumatatu.

Basi magharibi simu ya Ketaki ikaita. Mwenyewe anaoga, nikapokea. Nalini, wa mlango unaotazamana na wangu, ananong'ona: "Mama Chinmay, Mrefu yuko jikoni kwangu. Nifanyeje?"

"Mpe chai," nikamwambia. "Akimaliza kwako mwambie aje kwangu."

"Nimpe chai?"

"Ndiyo. Na asije na miguu michafu kama juzi."

"Mrefu asiye na miguu, wewe mwanamke!"

Sauti hiyo niliisikia kwenye simu na kupitia mlango, zote mbili kwa pamoja. Ketaki katoka mbio, nywele zinachuruzika, na ile fimbo yake yenye ndoano. Tukamkuta Nalini amesimama juu ya meza ya chakula, sari magotini, kashika mwiko. Na huyo adui mwenyewe! Kijoka chembamba kama penseli, kahawia, chenye pete nyeupe, kimejikunja nyuma ya mtungi wa gesi kinatetemeka kuliko Nalini. Ketaki akakiongoza ndani ya kopo. Akatueleza kwamba hakina sumu, kimevaa tu nguo za yule wa hatari ili kiheshimiwe. Nikasema tunao watu wa namna hiyo kwenye kamati ya jengo.

Ketaki alicheka mpaka akakaa chini. Sikujua kwamba anacheka hivyo, kwa kukoroma. Kama nguruwe mdogo. Nzuri sana.

Jumamosi, 28 Juni

Gazetini leo: kijana wa kukamata nyoka, mji wa mbali na hapa, amegongwa mkononi. Yuko hospitali. Wameweka picha ya mama yake kwenye benchi la korido.

Nimeitazama ile picha mpaka chai imepoa.

Mimi siwaogopi nyoka tu, acha niandike ukweli maana hapa hasomi mtu. Naogopa simu. Baba yake Chinmay alitoka kununua betri za redio, na aliyenipigia kunieleza kilichotokea barabarani alikuwa mtu nisiyemjua. Tangu siku hiyo mtu akichelewa kurudi naanza kupanga maneno nitakayoambiwa. Sasa nina mkwe anayetoka saa yoyote kwenda kuinamia vitu vyenye meno.

Nikamwambia Chinmay: aache, au mtafute pa kukaa.

Nilitegemea abishe. Hakubisha. "Sawa, Mama," akasema. "Hataacha. Tutatafuta." Na kwa kuwa mwezi huu wa Ashadh watu hawahami, ni nuksi, watangoja mwezi wa Shravan uingie, wahame baada ya Panchami, sikukuu ya nyoka.

Adabu zake hizo! Heri angenipigia kelele, ningepata pa kurudi. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe ni hiki changu.

Jumanne, 8 Julai

Mkutano wa jengo. Bwana Limaye, katibu wetu, alikuja na hotuba. Mwaka huu nyoka wamezidi! Anataka vichaka vyote vikatwe, dawa ya phenoli imwagwe kuzunguka ukuta, unga wa kufukuza nyoka uwekwe kila mlango, na ukimwona, fimbo. Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema yeye ana fimbo nzuri.

Ketaki akasimama. Akasema phenoli inafukuza pua za watu tu. Nyoka anafuata panya, panya anafuata takataka. Zibeni mianya chini ya milango, ondoeni jalala la nyuma, pikipiki zisiegeshwe kwenye majani. Nao wanapita tu, mvua ikipungua wanarudi kwao. Kumvamia nyoka kwa fimbo ndiyo njia ya kugongwa.

Nani anamsikiliza mkwe mpya? Limaye akamwambia binti, haya ni mambo ya watu wazima.

Hapo sijui nini kilinipanda. Nikajikuta nimesimama. "Bwana Limaye, paka akiondoka panya hutawala. Hapa paka hatuna. Nyoka naye akiondoka, nani atakuwa katibu, panya?" Watu wakacheka. Nikaongeza: na je, nani anayetupa mikate ya jana dirishani ghorofa ya tatu kila jioni, panya wakafanya karamu? Macho yote kwa Nalini. Nalini akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba.

Nilimwambia Ketaki nilitaka tu mkutano uishe niwahi tamthilia yangu. Aliitikia, "Ndiyo, Mama," na tabasamu lake hilo la upande mmoja.

Jalala litaondolewa Ijumaa. Kura zilipigwa, ikapita. Ha!

Jumapili, 13 Julai

Leo nimeona.

Asubuhi simu, na ni kwangu, si kwa Ketaki. Bwana Limaye! Sauti nyembamba kama ya mtoto aliyevunja chungu. "Mama Chinmay, tafadhali, hebu mwite binti yetu." Binti yetu! Jumanne tu alikuwa binti wa mambo ya kitoto.

Swila alikuwa ndani ya skuta yake, kwenye upenyo wa nyuma ya taa. Limaye alikuwa tayari amekaa juu ya skuta, amewasha, anataka kwenda sokoni, ndipo akasikia pumzi. Alivyoruka sikumwona, lakini viatu vyake vilikuwa bado pale pale, vyote viwili, vimepangwa vizuri.

Nilishuka. Nikasimama mbali kabisa, nyuma ya nguzo, lakini nilishuka. Nilidhani Ketaki ataingiza mkono amvute, ndivyo ninavyomwona kila nikifumba macho. Hakuna! Akawasogeza watu kwanza, kwa upole, kama anayepanga wageni wa harusi. Akafungua bodi ya mbele kwa bisibisi. Kisha akalaza chini bomba la plastiki lenye mfuko mweusi umefungwa upande wa pili, akampa yule nyoka mlango wa gizani. Kwa ndoano akamwelekeza tu. Akangoja. Swila akatoka, akasimama, akatanua shingo — ile alama ya miwani nyuma, wazi kama imechorwa leo — akatazama watu wote, akaona bomba, akaingia mwenyewe. Kama mtu aliyechoka na kelele za mkutano.

Ketaki hakumkamata. Alimbembeleza. Uso wake ulikuwa umetulia vile sijawahi kuuona hata siku ya harusi.

Nimejivunia. Naandika hivyo hivyo: nimejivunia, na nilitaka watu waniulize huyu ni nani ili niseme.

Nikampikia mkate wa mchanganyiko wa nafaka, wenye vitunguu na siagi nyeupe. Kala minne. Sikusema kitu kuhusu kuhama. Naye hakusema.

Alhamisi, 24 Julai

Siku ya mwisho ya Ashadh, siku ya kuziheshimu taa. Nimetoa taa zote za nyumba nikaziosha, nikazipanga, nikaziwasha. Nyumba inang'aa.

Wamepata nyumba. Upande wa pili wa mto, vyumba viwili, ghorofa ya kwanza. Chinmay alinieleza kama anayesoma habari za hali ya hewa. Watahamia Ijumaa ijayo.

Wamenunua ndoo mpya, nyekundu. Iko kwenye kona ya sebule. Naichukia ndoo hiyo.

Kwa nini sisemi? Ni neno moja tu. Msiende. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, nimewanyamazisha watoto wa Pune nzima, na neno moja linanishinda.

Jumatatu, 28 Julai

Kesho Panchami. Leo wanawake tunafunga kwa ajili ya kaka zetu. Mimi namfungia kaka yangu wa Satara ambaye hajanipigia simu tangu Diwali, mjinga yule, Mungu ampe umri mrefu.

Ketaki naye amefunga. Hana kaka. Hana ndugu kabisa, mama yake alifariki zamani, baba yuko Ratnagiri na magoti yake hayapandi basi. Na Panchami ya kwanza ya ndoa, kila mtu anajua, kaka huja kumchukua dada akapumzike kwao, akabembee, akadekezwe.

Nalini kanikamata ngazini, macho yanang'aa. "Eti Mama Chinmay, kesho nani anakuja kumchukua mkwe?"

"Kaka zake?" nikamjibu. "Wengi mno. Kila jiwe la Pune lina mmoja chini yake. Anzia kwenye jalala lako la zamani."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nalini ana ulimi, lakini kicheko chake hakina kinyongo.

Jioni nilimpaka Ketaki hina. Nikamuuliza amemfungia nani. Akasema, "Hao hao, Mama. Uliowataja ngazini." Kumbe alisikia! Mikono yake ina makovu madogo ya miiba na mabati. Hakuna la meno. Nilitafuta. Nilikishika kiganja chake mpaka hina ikakauka, muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na hakukivuta.

Ningeweza kusema pale. Nikamwambia asioshe mapema.

Jumanne, 29 Julai. Panchami

Jua! Dogo, lakini jua.

Ketaki katoka alfajiri. Leo ndiyo siku yao kubwa: watu wa vikapu wanazungusha mlango kwa mlango swila walioshonwa midomo, maskini, ili waabudiwe na kunyweshwa maziwa. Sheria imekataza zamani, na idara ya misitu imewaita marafiki wa nyoka wasaidie kuwapokea nyoka watakaonyang'anywa. Chinmay yuko kazini. Ufunguo wa nyumba yao mpya ameuacha juu ya friji.

Leo hakukatwi kitu, hakukaangwi, hakuchimbwi, asije akaumia aliye chini ya ardhi. Nimefunga dengu na sukari guru ndani ya unga, ziko kwenye mvuke. Nimemchora swila kwa msandali juu ya kibao. Ametoka kama mwiko. Atanisamehe.

*

Naandika ili nitulie.

Nilitoka roshani kuchuma maua ya ibada. Kurudi, kuna mkanda wa begi sakafuni jikoni. Nikasema Chinmay na ovyo ovyo zake. Mkanda ukainuka, ukatanua shingo.

Sikupiga kelele. Nikapiga simu. Ketaki akauliza yuko umbali gani. Akasema rudi nyuma polepole, Mama, hadi mlango wa sebule, usikimbie, usimfukuze, usimrushie kitu. Kaa hapo umtazame tu. Akipotea machoni ndipo tutabomoa nyumba kumtafuta. Usikate simu, nakuja.

Nikavuta stuli, nikaketi mlangoni pa jikoni na daftari hili, simu mapajani. Yeye amejisogeza ubavuni mwa friji, amejikunja, kichwa juu. Ananitazama. Namtazama. Mweusi wa kung'aa, kama kiatu cha bwana harusi. Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Ni mzuri, ndiyo sababu.

Kisha Nalini kaja na sahani ya bisi za mtama za sadaka. Mlango wa nje uko wazi, siku ya leo nani anafunga mlango? Akachungulia juu ya bega langu. Nikangoja ukelele. Ukaja, lakini wa furaha! "Amekuja mwenyewe! Mungu amekuja mwenyewe kwa Mama Chinmay!"

Sasa jengo lote liko sebuleni kwangu. Maziwa, manjano, poda nyekundu, maua. Wanaume waliokuwa wakisifia fimbo zao wamevua viatu na kuunganisha viganja. Bwana Limaye ana bakuli la maziwa kubwa kuliko kichwa chake. Wanataka kuingia, wote, wamnyweshe, wampake rangi kichwani!

Nimetandaza miguu, nimeziba mlango. Nikawaambia nyoka hanywi maziwa, yatamuua, muulizeni mkwe wangu. Anayetaka kuingia anipitie juu kwanza.

Limaye ananisihi: "Mama, unamzuia Mungu asile?"

"Mungu huyu anaota panya, si maziwa, Bwana Limaye. Ukimpelekea hilo bakuli atakugonga, kisha mkeo aje anilaumu mimi."

Mkewe akamvuta shati. Watu wakacheka, wakarudi hatua moja. Moja tu.

Hapo Nalini akapiga makofi. "Jamani, hamuoni? Panchami ya kwanza ya Ketaki! Kaka mtu huyo! Amekuja kumchukua dada yake!"

Basi tena. Tangu utotoni tumesimuliwa habari za msichana asiye na kaka, na swila aliyejigeuza kijana akaja kumpeleka kwao. Kila mtu akakubali. Ni ishara! Binti anachukuliwa! Wengine wakaanza kulia kwa utamu. Na yeye, mwenyewe, akainua kichwa zaidi, akageuka upande wa friji, juu kule uliko ule ufunguo.

Moyo ukanilipuka. Nikamwambia, kwa sauti, mbele ya watu wote: "Sikiliza, kaka mtu. Karibu. Umetoka mbali, ahsante kwa kuja. Lakini humchukui. Kwao ni hapa. Ukitaka kumwona, njoo kila msimu wa mvua upige hodi, nitaketi hapa hapa na roho mkononi, nitazoea. Haendi nawe. Haendi ng'ambo ya mto. Nilisema upuuzi mwezi uliopita na nimeufuta. Umesikia?"

Limaye akaliteremsha bakuli lake sakafuni.

Ndipo nikakumbuka simu. Iko mapajani kwangu. Haijakatwa.

Nikaiweka sikioni. Honi za magari, maji, pikipiki. Ketaki yuko njiani, amesikia yote.

*

Amefika. Watu wamempisha. Amelowa, hina yake imekolea nyekundu nzito, na hanitazami usoni. Ametazama jikoni kwanza, juu ya bega langu, akatoa pumzi. Akasema, taratibu, "Umemtunza vizuri, Mama."

Rafiki wa nyoka mwenzake amekwama darajani. Anahitaji mtu wa pili: kando ya friji ni giza, mtu wa kumulika na kushika ncha ya bomba lisisogee. Nimemtazama Bwana Limaye. Bwana Limaye anakagua dari. Wenye fimbo wote wanakagua dari. Nalini ana sahani mikono miwili.

Ketaki amepiga goti hapa kando ya stuli yangu, anafunga mfuko kwenye bomba. Nami nawaandika wote, kwa sababu kalamu ikisimama nitaanza kupanga yale maneno ya kwenye simu. Bila kuinua kichwa ameniuliza, polepole, lakini sebule nzima ina masikio:

"Mama, yale uliyosema. Ulikuwa unamwambia yeye, au unaniambia mimi?"

Amemaliza fundo. Amesimama. Anangoja.

Nimemwambia nipe hiyo tochi —